Ziacheni Taratibu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungiwa mlango na bibi mmoja wa Mwankoko. Nilibisha hodi, nikampa shikamoo, akaitikia vizuri, kisha akauliza kama mimi ni mtu wa sensa. Nikajibu kwamba ni mdodosaji wa utafiti wa afya. Akasema wa sensa angalau walimhesabu wakaenda zao, mimi nataka kujua anapaka nini usoni. Msimamizi wetu alicheka, akaniambia nimeanza vizuri, wenzangu walimwagiwa maji.

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazi hii sasa na vishikwambi mkononi. Mimi nina kidato cha nne na miguu isiyopenda kukaa. Nilikuwa utingo wa lori, nikauza vitunguu, kisha nikadodosa. Watu huiita kazi ya umbea wenye kitambulisho. Waite tu. Niliipenda, na naikumbuka kuliko zote.

Tulikuwa tunachunguza steroidi. Ni dawa halali, daktari humwandikia mwenye pumu kali au viungo vilivyovimba, kwa kipimo na kwa muda. Mitaani iliuzwa kama vidonge vya kunenepa, au ikachanganywa kwenye mafuta ya kung'arisha ngozi. Tuliwatafuta waliotumia bila kuandikiwa, tukawapima presha na sukari, tukaangalia nyuso zilizovimba zikawa duara na ngozi zinazochubuka kwa kuguswa. Kabla ya swali lolote tuliomba ridhaa, yaani mtu akubali mwenyewe, nasi tukamwahidi kwamba atakachosema hakitatoka. Hiyo inaitwa siri ya mshiriki. Ndiyo iliyonitoa kazini.

Kutoka Mwankoko tulihamia Ihanja. Huko mtafiti mkuu, daktari mmoja mama mpole, alitukuta tukimcheka mwanamke aliyevaa mitandio miwili kuficha mashavu. Hakutugombeza sana. Alisema, "Kutaka kupendeza si ugonjwa. Anayecheka abaki kwenye gari."

Kituo cha mwisho kilikuwa Shelui, wanakolala malori. Hapo nilimdodosa Mama Neema, muuza wali na nyama. Alikuwa na maneno. Nilipomuuliza kwa nini anameza vile vidonge, alinitazama kama mtu asiyejua biashara.

"Kaka, dereva hanunui chakula kwa mpishi mwembamba. Anaona hata mwenyewe hakili."

Halafu akanionya: mumewe asijue. Baba Neema aliamini ule mwili ni wa kuzaliwa nao, na alikuwa akijivuna nao barabarani.

Mwisho wa awamu ya kwanza mtafiti mkuu aliitisha mkutano wa wanakijiji hapo Shelui. Alieleza kwamba mwili uliozoea steroidi za dukani husahau kujitengenezea za kwake, na ukizikosa ghafla unaweza kuzima. Alieleza sawasawa, sina la kumlaumu. Akamalizia, "Dawa hizi ziacheni taratibu, na mje kituoni tuwasaidie." Watu wakaitikia kwa vichwa. Na mimi nikaitikia.

Tuliporudi kwa awamu ya pili nilimkuta Mama Neema amelala kwenye mkeka nyuma ya kibanda, midomo imekauka, ametapika, akijaribu kukaa kizunguzungu kinamrudisha chini. Nikamuuliza amekula nini.

"Nimeacha taratibu, kaka, kama mlivyosema. Vyote nimevitupa chooni, kimya kimya. Hata Baba Neema hajui."

Sisi tulimaanisha kidogo kidogo. Yeye alisikia bila kelele.

Simu ya mtafiti mkuu haikupatikana. Nikampigia msimamizi. Akasema nimpeleke kituo cha afya haraka, lakini habari ya vidonge aiseme mwenyewe, mimi sina ruhusa nayo. Baba Neema akaleta bajaji, tukaenda wote.

Tabibu akauliza mgonjwa anatumia dawa gani. Baba Neema akajibu kwa kujiamini kwamba mkewe hajawahi kumeza hata ya kichwa. Tabibu akamgeukia mgonjwa, akauliza tena. Mama Neema akageuza uso. Alinitazama mimi, akatikisa kichwa, maana yake nyamaza. Tabibu akaanza kuandika kipimo cha malaria.

Nikasema, "Amemeza vidonge vya kunenepa muda mrefu, na amevikata kwa mkupuo."

Baba Neema alinitazama, kisha akamtazama mkewe, kisha akatoka nje. Tabibu akaacha kuandika, akaagiza dripu na sindano. Baadaye alinieleza kwamba ile sindano ilikuwa steroidi yenyewe, maana ndicho kitu mwili ulikuwa unakililia. Jioni mama aliketi akanywa uji. Wakaanza kumpunguzia dozi polepole, chini ya macho yao.

Mimi niliitwa na msimamizi. Aliniambia nimeokoa mtu mmoja nikaharibu kijiji kizima, nani atatuambia ukweli tena? Hakudanganya. Kaya kadhaa zilitufungia milango wiki hiyohiyo. Akataka niandike kwamba nimekosa na naomba radhi, nibaki kazini. Nilimrudishia kitambulisho.

Wengine wataniambia zilikuwepo njia nyingine: ningemvuta tabibu pembeni, ningemsubiri mume atoke. Labda. Ninyi mliosoma semina za maadili mtaiona haraka kuliko mimi. Lakini mniambie mkiwa mmesimama pale, macho yake yameanza kugeuka. Kwenye dodoso kuna sehemu ya kuandika "hakupatikana". Sikuwa tayari kuiandika mbele ya jina lake.

Sasa nimestaafu udodosaji, sijastaafu safari. Nikipita Shelui nashuka kwenye lori, naenda kibandani kwake. Baba Neema, aliyehama siku ile, alisharudi nyumbani, siku hizi ndiye anayeosha masufuria, na salamu yangu anaipokea. Mama amepungua, amepata rangi, na madereva wamejaa kama zamani. Kwangu mimi hajalegea.

"Chakula kimeisha," huniambia, huku sufuria inafuka mvuke mbele yetu.

Naondoka na njaa yangu. Na kesho akianguka tena, nitasema tena.