Fundi aliyeibania sava dizeli

Leo nimemdharau mtu mzima, na sijutii.

Sava ya shule yetu, kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote, ilikuwa inajikokota tangu fundi wa mjini alipoigusa. Leo amerudi. "Imechakaa, Mwalimu. Niichukue nikatoe vipuri." Mwalimu mkuu akakubali.

Walipokwenda kula ndizi na maharage, nikaiwasha upya na kuingia kwenye menyu ya mipangilio. (Kitabu cha maelekezo ya sava nimekisoma mara mbili.) Kasi ya prosesa ilikuwa ya chini kabisa. Aliipunguza fundi mwenyewe mara ile ya kwanza, ati jenereta ya shule isinywe dizeli nyingi.

Nikaipandisha. Ikakimbia.

Fundi akarudi akifuta mdomo. "Unaona, Mwalimu? Ilitaka kupumzika tu."

Akazawadiwa mkungu wa ndizi.

Mnajua nani aliubeba hadi barabarani? Mimi. Na shikamoo nikampa.