Fundi Aliyekaa Nje ya Pazia

Hakuwa na dhahabu. Hakuwa na fedha wala shaba, wala ngozi za kondoo zilizotiwa rangi nyekundu. Hakuwa na mti wa mshita, maana Shume ni nchi ya misonobari na ukungu. Hakuwa na cheti cha ufundi. Na katika mkono wa kulia, mkono wake wa kazi, hakuwa na vidole isipokuwa gumba na kidole cha mwisho. Vingine vilibaki katika kiwanda cha mbao, siku ubao uliporuka na kurudi nyuma kwenye msumeno wa duara.

Hata hivyo, Sefania Shekiondo amejenga hema ya kukutania.

Saa nne asubuhi hema hiyo imesimama katika kiwanja cha kanisa. Ukungu umepanda kutoka bondeni, umevuka ua wa kitambaa cheupe bila kuomba ruhusa, na sasa unazunguka madhabahu kama moshi wa sadaka. Kwa mbali haionekani kamba wala kigingi. Inaonekana rangi tu, bluu na nyekundu, imening'inia hewani.

Watoto wa shule ya Jumapili wanaingia kwa mstari, nyuma ya mwinjilisti Edgar, kijana aliyetoka Tanga. Madhabahu kwanza, kisha birika la maji. Ndani, meza ya mikate, taa ya matawi saba, na ubani. Mwisho wa yote ni pazia, na nyuma ya pazia, sanduku la agano.

Sefania amekaa juu ya gogo, nje kabisa, karibu na lango. Ana miaka sitini na minne. Amejenga kila kitu kilichomo ndani, lakini tangu pazia litundikwe, nyuma yake hajakanyaga. Sanduku alilibeba mpaka mlangoni, wengine wakalipokea.

"Kila mtu ana mahali pake," anasema, huku akiuficha mkono wa kulia chini ya koti.

Mfukoni mwa koti hilo kuna barua kutoka kwa Wakristo wa Bulwa, wachuma chai wa upande wa pili wa Usambara. Wanaomba hema ipelekwe kwao, na fundi mwenyewe asimame mbele ya sanduku awaeleze maana yake. Kila Jumapili mchungaji humuuliza kama amejibu. Hajajibu.

Mkewe, Esta, aliyeshona mapazia yote kwa cherehani ya miguu, anajua sababu. Mume wake alipokuwa kijana, kidonda cha mkono kikiwa bado kibichi, jina lake lilitajwa katika uchaguzi wa wazee wa kanisa. Mzee mmoja akatania mbele ya watu kwamba zama za Haruni, mtu mwenye mkono uliovunjika hakukaribia madhabahu. Watu wakacheka. Sefania naye akacheka.

"Wenzake walikisahau kicheko kabla ya kufika nyumbani," anasema Esta. "Yeye alikuja nacho, tumelala nacho mpaka leo."

Mshita ulimfikisha Mnazi, tambarare ya joto chini ya milima. Maandiko yametaja mshita, naye hakutaka kudanganya kwa msonobari uliopakwa rangi. Huko alipokelewa na Rajabu, mkulima Mwislamu waliyefahamiana zamani sokoni.

"Nilidhani ananitania," anasimulia Rajabu, ambaye leo amepanda mlima kuja kuiona kazi. "Mshita kwetu ni kuni. Ni miiba ya kuzuia mbuzi. Nikamwambia, Shekiondo, huko kwenu misonobari imenyooka kama askari, wewe unataka mti uliopinda? Akasema ndio huo huo."

Sefania hutabasamu akilisikia hilo. "Mungu alikuwa na mierezi. Alipotaka kukaa na watu jangwani, akachukua mti wa hapo hapo jangwani, wenye miiba, akaufunika dhahabu. Hilo hunitosha kuwaza nikiwa napiga randa."

Dhahabu yake ni rangi ya kopo, ya kung'arishia mageti. Katika ukungu hakuna anayeona tofauti.

Ghafla sauti ya mtoto inasikika kutoka ndani. "Mwalimu, kifuniko kimepinda!"

Edgar anatoka akiwa ameinamisha kichwa. "Shikamoo, Mzee Sefania."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Kifuniko cha sanduku, kiti cha rehema, hakikai. Upande mmoja umeinuka. Makerubi na mabawa yao wanataka kuanguka."

Sefania anafumba macho. Anajua alipokosea. Ili apunguze mzigo wa kupandisha mlimani, alikata na kupima kifuniko kule kule Mnazi, kwenye joto, akakibananisha sawasawa ndani ya ukingo wa sanduku. Mbao za tambarare zikiletwa Shume huachwa kwanza zizoee hewa. Hilo analijua kila seremala wa huku. Yeye alikuwa na haraka ya furaha. Sasa ubao umekunywa ukungu, umevimba.

"Nitoleeni nje," anasema. "Nitakipunguza hapa."

Edgar anageuka kuita vijana. Lakini Esta ameshasimama.

"Baba Wema, tangu lini rehema ikatolewa nje ya pazia kwa sababu fundi anaona haya?"

"Mama Wema, usinianze mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndipo ulipoanziwa. Na pamalizikie hapo hapo."

Rajabu, aliyekaa upande wa pili wa lango, anakohoa. "Shekiondo, mimi nimekaa hapa kwa heshima ya wenyeji. Wewe ndiye mwenyeji. Umekaa kwa heshima ya nani?"

Watoto waliomfuata Edgar nje wanacheka. Sefania naye anataka kucheka, kicheko hakitoki.

Edgar anachuchumaa mbele yake na kusema taratibu, kama anayetembea kwenye barabara yenye giza. "Mzee, hema hii ni kivuli cha ile ya mbinguni. Kuhani wetu mwenyewe ana mikono iliyotobolewa msalabani. Kwa mikono hiyo ameingia, na mlango hakuufunga nyuma yake."

Matone yanadondoka kutoka kwenye misonobari. Kisha Sefania anautoa mkono wa kulia chini ya koti, anautazama kana kwamba ameletewa na mtu mwingine. Anaokota randa kwa mkono wa kushoto. Anapita madhabahu. Kwenye birika anasimama na kunawa, ingawa hakuna aliyemwambia. Kitambaa kinamfunika.

Ndani, mwanga ni mwekundu na bluu, mpole kama mwanga unaoonwa na mtu aliyefumba macho juani. Ukungu umeingia huku pia. Sefania anapita taa na ubani, anafika kwenye pazia la mkewe, analisogeza kwa bega.

Kisha randa inaanza kuimba.

Ubao wa mshita ni mgumu, hutaka kubanwa. Anaubana kwa kiganja cha kulia, kile kisicho na vidole vya kati vya kuzuia njia, na randa inapita karibu yake bila kugusa kitu. Maganda membamba yanajikunja na kuanguka miguuni pake. Harufu ya Mnazi, harufu ya jua, inajaa patakatifu pa patakatifu.

Kifuniko kinashuka. Kinakaa kimya.

Anapotoka, macho yake ni mekundu. Esta anampa kanga ajifute vumbi la mbao, wala hasemi kama ni vumbi.

"Ndani ya sanduku kuna sheria," Sefania anaeleza baadaye, akiwa kibandani mwake cha useremala. "Kifuniko kikiinuka, sheria inakukodolea macho. Mimi nimekodolewa macho nusu ya maisha yangu. Rehema ni kifuniko. Haiifuti sheria, inaikalia. Ukisimama hapo huoni tena kilichokuwa kinakuhukumu. Unaona mabawa."

Anakung'uta maganda kwenye randa. "Nilidhani nitaogopa. Kumbe nilisikia usingizi, kama mtoto aliyefika nyumbani."

Mpango wake sasa ni kuifungua hema, kuikunja na kuivusha mpaka Bulwa kabla ya mvua. Safari hii mbao zitapumzika kwanza zizoee hewa ya huko. Fundi naye ataingia nazo.

Anachukua karatasi. Anaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama nyasi baada ya mvua: *Barua yenu nimeipata. Nitakuja. Nitasimama ndani niwaeleze mwenyewe.*

Nje, Fuso la kabichi linapiga honi. Dotto, dereva wake, ataikabidhi barua kwenye gari la Bulwa akifika Muheza. Lakini bahasha imelala kwenye unyevu, gundi yake imekufa. Sefania anachovya kijiti katika kopo la gundi ya mbao, anapaka ukingo, anaukandamiza kwa kiganja chake cha kulia mpaka ushike.

Dotto anaipokea, anajaribu kuikwangua kwa ukucha. "Mzee, umefunga barua au mlango? Hii wataifungua kwa tindo!"

"Waipasue tu," anasema Sefania. "Kutoka juu mpaka chini, kama lile pazia la hekalu."

Fuso linanguruma, linaanza kuteremka. Ukungu unalifungukia, kisha unajifunga nyuma yake taratibu.