Grili Niliyoipeleka Ziwani

Kwa miaka mingi niliamini, bila hata chembe ya shaka, kwamba mamba wa ziwani huzuiliwa na taa za umeme. Aliyeniambia ni Masanja, kinyozi ambaye banda lake limepakana na karakana yangu ya kuchomelea vyuma hapa Kambarage, Shinyanga. Masanja alieleza kwa utulivu wa mtu aliyeshuhudia: mamba akiona balbu hudhani ni jua, akidhani ni jua hujua watu wako macho, basi anabaki majini. Umeme ukikatika tu, wanapanda nchi kavu kwa foleni, wakubwa mbele, wanapita nyumba hadi nyumba wakisukuma milango kwa pua. Mimi nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, tena Biolojia nilifaulu. Lakini kitabu cha Biolojia hakikusema popote kwamba mamba hasukumi milango.

Sasa balaa lilikuwa hili: mke wangu, Mama Kulwa, ni Mzinza wa mwambao wa Ziwa Viktoria, upande wa Chato, na kule umeme hukatika mara nyingi. Tangu tuoane sikuwahi kulala kwao. Mahari yenyewe niliipeleka asubuhi, na jioni nilikuwa nimesharudi Geita mjini, penye taa. Kila likizo nilipata sababu. Mara mteja wa geti, mara mgongo, mara mvua ambayo hata mawingu yake hayajaonekana.

Mwaka huu shule zilipofungwa, Mama Kulwa aliepua ugali, akaketi, akaniambia:

"Baba Kulwa, mama anawaambia majirani kwamba mkwe wake anawadharau watu wa ziwani. Anasema mtu asiyelala kwako hata usiku mmoja amekukataa. Safari hii twende wote, tukae siku tatu. Ukikimbia tena jioni, mimi na watoto tutabaki huko mpaka utakapojua kulala."

Alisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Sababu yangu ya kweli sikumwambia. Msukuma hamwambii mke wa Kizinza kwamba anamwogopa mnyama wa kwao. Atachekwa yeye, wachekwe wajukuu, na mbuzi wao wachekwe pia.

Niliingia karakana nikatengeneza silaha yangu: grili ya nondo nene, kimo cha mlango, ya kuegemeza nje ya chumba na kuifunga kwa mnyororo. Nadhani ingemzuia tembo mwenye hasira akiwa na kaka yake.

Alfajiri ya Jumamosi tulikuwa stendi ya Shinyanga: mimi, Mama Kulwa, mapacha wetu Kulwa na Doto, na grili. Kondakta aliitazama, akaizunguka.

"Mzee, unahama au unakwenda kufungua gereza?"

"Naenda likizo."

"Likizo na gereza lako mwenyewe?"

Waliifunga juu ya basi kwa kamba. Mama Kulwa hakuuliza kitu. Alijua mimi nikisafiri bila chuma mikono inawasha.

Baada ya Kahama tuliingia nchi ya dhahabu. Barabara ilitimua vumbi jekundu hadi abiria wote tukawa ndugu wa rangi moja. Pembeni mashine za kusaga mawe zilinguruma, na wanaume walitembea na sululu begani kama watu wengine wanavyotembea na miavuli. Tulipopumzika njiani, wachimbaji wawili waliiona grili yangu juu ya basi wakaanza kuipangia bei, wakidhani ni chekecheo la mchanga.

"Hii ni ya mamba," nikawaambia.

Walirudi nyuma hatua moja. Mmoja akamwambia mwenzake taratibu, "Twende, huyu amekaa duarani, kule chini ya shimo, muda mrefu."

Geita tulibadili gari. Buseresere tulishuka kununua mchele, sukari na doti ya kanga kwa ajili ya mama mkwe. Nilimvuta muuza duka pembeni nikamuuliza hali ya umeme huko mbele.

"Upo," akasema, akipima sukari.

"Upo siku zote?"

"Upo ukiwa upo, baba."

Alasiri tulifika. Wasomaji wangu, mimi nimekulia penye vichaka na majaruba ya mpunga. Maji mengi niliyoyazoea ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Gari lilipopanda kilima cha mwisho nilidhani mbingu imeanguka upande mmoja. Ziwa lilikuwa limelala pale, la buluu mpaka lilipokutana na anga, na ukingoni mwake mawe makubwa ya mviringo yamepangana kama ng'ombe waliojilaza. Furukombe mmoja, tai mla samaki, alikuwa juu ya jiwe, kifua cheupe, akilitazama ziwa lote kama lake. Upepo ulikuwa mwororo. Hata pafu langu lililozoea moshi wa kuchomelea lilishtuka.

Shemeji yangu Bahati, mdogo wake Mama Kulwa, amejenga vyumba vitatu vya wageni hatua chache kutoka ufukweni. Alitupokea akicheka.

"Karibu, shemeji! Sisi tulishadhani dada aliolewa na hadithi." Kisha akaona wanaume wawili wanashusha grili. "Umetuletea mlango? Milango tunayo."

"Ni ya usalama."

"Usalama wa nani?"

"Wa kila mtu, shemeji. Mimi sibagui."

Mama mkwe nilimsalimia kupitia ukuta wa jiko. Ndiyo desturi yetu, Wasukuma kwa Wazinza: mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anapisha, na penye jiko lake mkwe hakanyagi kabisa. Basi nilisimama nje nikasema, "Shikamoo, mama." Kutoka ndani sauti ikajibu, "Marahaba," fupi, iliyonyooka kama nondo. Mara nikamsikia akimwambia Doto: "Muulize baba yako kama leo analala au ameacha gari linanguruma."

Usiku huo umeme ulikuwapo. Nililala taa inawaka, grili mlangoni, mnyororo umezungushwa. Asubuhi Mama Kulwa alichukua muda mrefu kuufungua ili atoke, lakini nilikuwa nimelala kwao, usiku mzima, na nilitembea uani nikiwa na kifua mbele.

Siku ya pili watoto waliomba kuoga ziwani. Nikakataa. Wakalia. Nikasema maji yana baridi, wakati watoto wa jirani walikuwa ndani yake wakirushiana maji na kupiga kelele za raha. Kwenye ukuta wa jiko nikaisikia tena ile sauti, ikimwambia mke wangu lakini kwa kimo cha kunifikia mimi:

"Chumba chetu amekifunga mnyororo. Sasa na maji yetu anayakataa. Mwanangu, huyu alikuoa wewe peke yako?"

Mama Kulwa alitoka jikoni macho yamemwiva. Alinipita akaenda zake kwa watoto. Mchana kutwa nilikaa juu ya jiwe nikilitazama lile ziwa zuri kuliko mazulia yote ya Uajemi, na sikulifaidi hata kidogo.

Jioni, saa moja ikiwa imekaribia, Bahati alikuja kutoka mwaloni, soko la samaki la pale kijijini, na mzigo wa sato. Jua lilikuwa limezama, ziwa limebaki na rangi ya shaba. Nilikuwa nimekaa peke yangu chini ya balbu ya barazani. Balbu ikakonyeza mara moja. Ikazima. Mwambao wote ukawa giza mara moja, kama mtu ameupiga kifuniko.

Nikamkumbuka Masanja. Nikaanza kusikiliza.

Kutoka upande wa mawe ikaja sauti: kwaruuu. Kimya. Kwaruuu. Kitu kizito, chenye kucha, kinaburuzwa juu ya mawe kuelekea nyumbani. Nikarukia mlango wa chumba changu kuishika grili. Haikuwapo! Nikapapasa ukuta wote. Mnyororo ulikuwa chini, grili imekwenda. Moyo ukaniambia: huyu si mamba wa kawaida, huyu anaanza kwa kula chuma.

"Mayu wane!" nikamlilia mama yangu kwa ukelele ambao nina hakika Burundi waliusikia. Nikakimbilia mlango wa kwanza wenye mwanga, nikausukuma, nikaingia, nikaufunga kwa mgongo wangu.

Ulikuwa moto wa kuni. Mbele ya moto alikuwa mama mzee mwembamba mwenye mwiko mkononi, naye alinitazama, nami nikamtazama, usoni, kwa macho yote mawili.

Nilikuwa nimeingia jiko la mama mkwe.

Alivuta kanga akajifunika kichwa kizima. Mimi nikageukia ukuta. Tungeweza kukaa hivyo mpaka msimu wa mvua, lakini mlango ulisukumwa nyuma yangu nikapigwa mweleka, na Bahati akaingia kinyumenyume akiburuza grili yangu, kwaruuu, juu ya mawe ya kizingiti. Nyuma yake Mama Kulwa na watoto.

"Mama alisema sato ni wengi, jiko ni dogo," Bahati akasema akihema. "Nikakumbuka huu mlango wa shemeji, nikaupeleka ziwani kuuosha. Shemeji, mbona uko chini?"

"Anafanya nini humu?" Mama Kulwa akauliza.

Halafu chini ya kanga ile nikasikia kitu kama maji yanayochemka na kuinua kifuniko. Mama mkwe alikuwa anacheka.

Kwa desturi, mkwe aliyekosea hivyo hawezi kuondoka mikono mitupu. Lazima atoe kitu cha kufuta kosa, na kikipokelewa, ile miiko ya kufichana nayo hulegezwa. Wengine hutoa mbuzi. Mimi nilikuwa na nini pale? Nikiwa bado nimeelekea ukuta nikasema, "Mama, hiyo grili ni yako."

Mama mkwe akamwambia Kulwa: "Mwambie baba yako, nimeipokea. Na mwambie miguu ya kusimamia akaiweke kesho, isilale juu ya mawe kama mgonjwa."

Tulichoma sato kumi na kitu kwa wakati mmoja, mafuta yakidondokea makaa, harufu ikawaita majirani. Umeme haukurudi, na sikumsikia mtu akiuulizia. Tulikula kwa mwanga wa moto, ndizi na samaki, na Bahati akasimulia kuanguka kwangu mara nne, kila mara nikianguka kwa mbali zaidi. Mama Kulwa alicheka mpaka akaniegemea bega. Usiku nililala bila grili. Nilijipa moyo kwamba mamba wameogopa moshi.

Siku ya tatu asubuhi niliazima vipande vya bomba na waya, nikaitengenezea grili miguu ya muda. Watoto walipotoka kwenda kuoga, mama mkwe aliwatangulia. Hakuwaacha waingie popote. Aliwapeleka penye mawe, mbali na matete, akaketi juu ya jiwe refu na fimbo mapajani, akiyaangalia maji. Nikakunja suruali nikaingia nami, mpaka kwenye vifundo vya miguu. Kwa mtu wa Shinyanga hicho ni kilindi. Maji yalikuwa baridi, safi, na samaki wadogo walinionja vidole. Nikaingia mpaka magotini. Mama Kulwa alinimwagia maji kichwani, nikapiga tena ukelele, lakini huu wa kufurahi.

Jumanne tulirudi kwa njia ileile, vumbi lilelile, juu ya basi hakuna kitu changu. Kondakta aliuliza gereza liko wapi. Nikamwambia linachoma samaki. Mama Kulwa alilala begani mwangu kutoka Geita mpaka Kahama, na kabla hajalala aliniambia mama yake anatusubiri tena shule zikifungwa, na kwamba chumba kile sasa kinaitwa cha Baba Kulwa.

Shinyanga, Masanja alinisubiri mlangoni mwa karakana, mashine ya kunyolea mkononi imezimika. Umeme ulikuwa umekatika kwetu pia.

"Enhe! Walipanda?"

Nikamweleza kwamba asubuhi ile ya kuondoka, mama mkwe alitusindikiza hadi kwenye gari, kanga ikiwa mabegani, na kwa mara ya kwanza akaniuliza uso kwa uso ile grili niliibebea nini. Nikamsimulia yote: balbu, jua, foleni, milango. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akasema:

"Baba Kulwa, mamba yupo, na makao yake ni kwenye matete, ndiyo maana tunaoga penye mawe na mtu mzima anaangalia. Lakini umeme umefika hapa mimi nikiwa tayari bibi. Kabla ya hapo ulidhani tulikuwa tunalala wapi?"