Mama Mkwe kwenye Gari la Milango Miwili

Mimi ni mwoga, na sijawahi kulificha jambo hilo. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa simu inayoita alfajiri. Waliosema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio walinipa pa kujificha, na nimejificha hapo umri wangu wote. Sasa mwoga wa namna hii anafanya nini na gari la spoti, jekundu, milango miwili, lililokaa chini hadi mbuzi akisimama mbele yake anakutazama usoni? Sina jibu la maana. Ofisi yetu ilipohamia Dodoma nililikuta linauzwa, nikalipenda, nikalinunua. Nililiendesha kwa adabu sana, na malori yalinipita yakinipigia honi.

Mwezi ninaousimulia hapa, woga ulikuwa umehamia nyumbani kwetu Nzuguni na virago vyake vyote. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Mtoto wetu wa kwanza tulimzika kabla hajafikisha mwezi, kwa hiyo huyu wa pili hatukuweza kumtazama kwa raha kama watu wengine wanavyotazama vichanga vyao. Akilala sana tulimgusa shavu aamke. Akilia tulishukuru Mungu, kisha tukaogopa kwa nini analia. Mke wangu hakuwa na maneno mengi, alikuwa na moja tu: "Namtaka mama." Mama yake yuko Chamwino. Alisema hatapata usingizi mpaka mama yake aingie kwenye mlango ule, na kweli hakuupata.

Katikati ya hayo yote mimi nikaenda kufunga chujio jipya la hewa kwenye gari. Najua linavyosikika. Lakini ndani ya nyumba ile hapakuwa na kitu ambacho ningeweza kukikaza kwa spana. Mtoto hana nati. Kidonda cha mke wangu hakina klipu. Na mzigo niliouagiza zamani, wakati bado tunacheka, ulikuwa umefika kwa basi kutoka Dar: bomba la aluminiamu linalong'aa na chujio la mviringo, vya kuwekwa mahali pa lile boksi jeusi la plastiki lililotoka na gari kiwandani. Injini ikivuta hewa nyingi, wanasema, inapata nguvu, na mlio wake unakuwa mnene.

Fundi wangu ana gereji Ihumwa, chini ya mabati. Ni mtani wangu, na mdomo wake haujui kupumzika. Tulitoa boksi la zamani, tukalegeza klipu, tukavuta mpira, na mdomo wa injini ukabaki wazi. Upepo wa Dodoma mnaujua, hauna aibu, unaingiza vumbi mpaka kwenye sahani iliyofunikwa. Niliuona ule mdomo mweusi nikaona nati ikidumbukia humo, nikaona mchanga, nikaona injini imekwisha. Nikauziba kwa kiganja changu.

"Mzee, mbona unatetemeka?" fundi akacheka. "Kwani tunampasua mtu hapa?"

Kisha akakumbuka hali ya nyumbani kwangu, akainama kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Tulipomaliza aliliwasha gari, akakanyaga mafuta kidogo. Lilinguruma kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwenye gari langu, sauti ya kifuani. Niliipenda na ikanitisha, vyote kwa pamoja. "Sasa gari inapumua," fundi akasema. Halafu, akifuta mikono, akaongeza neno ambalo hakupaswa kumwambia mtu kama mimi: "Ila angalia vumbi. Lile boksi lilikuwa limelificha chujio. Hili liko uchi."

Kwa hiyo kesho yake asubuhi, Jumapili, nilipita kwenye kamba ya nguo uani nikachukua nepi moja ya mtoto, zile nyeupe za kitambaa chepesi, nikalifunika lile chujio, nikafunga fundo. Nilijisikia baba bora. Pembe mbili za nepi zilibaki zikining'inia, nikaona si kitu, nikashusha boneti.

Bado nina mkono kwenye boneti, mke wangu akaniita dirishani. Kaka yake, aliyekuwa amlete mama siku ile, gari lake limegoma. Na kwenye basi hatakubali mama yake apande, na goti lake lile bovu. "Nenda wewe kamchukue."

Ilinibidi nikae kwanza kwenye ngazi. Mnielewe. Kwa wakwe zangu Wagogo, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Humpi mkono. Huli mbele yake. Mkikutana njiani unapisha, na macho unayaweka chini. Mkiwa na la kuambiana, mnalipitisha kwa mtu wa tatu. Siku hizi wengi wameliacha jambo hili, wanakaa na wakwe zao sebuleni wanatazama televisheni, lakini mama mkwe wangu hakuliacha, na mimi wa kuja niliona heri nimfuate. Tangu nioe sikuwa nimewahi kumwangalia usoni zaidi ya kuiba. Na gari langu lina viti viwili vya maana.

Chamwino nilimkuta yuko tayari, amejitanda kitenge kichwani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba," akaujibu ukuta. Mizigo yake ilikuwa unga wa uwele, mlenda mkavu, karanga, na jogoo aliyefungwa miguu, wa supu ya mzazi. Alitaka kukaa nyuma. Tulikunja kiti cha mbele, akaingiza mguu mmoja, goti likakataa, akautoa. Akajaribu na mwingine. Majirani walisimama kutazama, na mmoja akasema kwa sauti kwamba leo mila imekutana na mzungu. Mwishowe mizigo na jogoo vikakaa nyuma, naye akakaa mbele, ubavuni kwangu, amenigeuzia mgongo kadiri mkanda ulivyomruhusu, uso dirishani.

Tukaondoka. Nilikuwa naogopa hata kubadilisha gia, maana gia iko katikati yetu.

Mbele kidogo akaliuliza dirisha: "Sijui kinachounguruma ni nini."

Nikaujibu usukani: "Ni chujio jipya la hewa."

"Haya," akaliambia dirisha, na mazungumzo yetu yakaisha.

Kabla ya Ihumwa tukalikuta lori limebeba mawe, linapanda taratibu na kutupulizia moshi. Nilikaa nyuma yake muda mrefu kama kawaida yangu. Mama mkwe akaanza kukohoa kwa ule moshi. Barabara ilipokuwa nyeupe mbele, nikajiambia basi, kwa ajili yake, na nikakanyaga mafuta mpaka chini, jambo nisilolifanya. Gari liliruka. Tukalipita lori. Nikauinua mguu.

Gari halikupungua.

Niliuinua mguu tena, kana kwamba mara ya kwanza sikuuinua vizuri. Pedali ilikuwa imebaki chini, peke yake, na injini ilikuwa inanguruma kwa ile sauti ya kifuani. Nilikanyaga klachi, injini ikapiga ukelele wa kutisha hadi nikaamini inapasuka, nikaiachia klachi, na gari likachomoka tena. Nilikanyaga breki, zikashika, zikanuka, zikaanza kuchoka. Niliufikiria ufunguo, lakini mtu aliwahi kuniambia kwamba ukizima gari likiwa mbio usukani unajifunga, na woga wangu huhifadhi maneno ya namna hiyo vizuri kuliko mambo ya maana.

Ndipo nikayaona matawi. Kila dereva wa nchi hii anajua maana ya matawi mabichi yaliyopangwa barabarani: mbele kuna gari bovu. Lori jingine lilikuwa limesimama upande wetu, tela na kichwa, na upande wa pili basi lilikuwa linakuja likiwasha taa. Nafasi ya kupita haikuwepo. Nilimwona mke wangu mlangoni na mtoto mkononi. Niliwaza, nitamwambia nini, nitamwambiaje kwamba mama yake nimemuua kwa ajili ya bomba linalong'aa.

"Mama," nikasema, kwa yeye mwenyewe, bila mtu wa tatu. "Halisimami."

Akageuka. Akanitazama usoni, macho kwa macho.

"Zima."

"Usukani utajifunga!"

"Baba, zima!"

Mikono yangu haikutoka kwenye usukani. Haikuwa yangu tena. Ule mkono ambao katika miaka yote ya ndoa yangu haukunipa salamu ulipita juu ya mapaja yangu, chini ya viwiko vyangu, ukaupapasa ufunguo ukaupata, ukauzungusha.

Kimya. Usukani haukujifunga, ila ulikuwa mzito kama gunia la mahindi. Nilisimama juu ya breki kwa miguu yote miwili, matawi yakavunjika chini yetu, nikauvuta usukani kushoto, tukatoka kwenye lami, tukaingia kwenye kokoto na vumbi, na gari likasimama pua yake ikiwa kwenye mabua ya mtama. Basi likapita na honi yake ndefu. Vumbi likatufunika, likatua taratibu. Nyuma jogoo alikuwa anapiga kelele.

Mama mkwe alifungua mlango wake akatoka. Mimi wangu sikuweza. Nilikuwa nimesahau mlango unafunguliwaje. Akazunguka akanifungulia yeye.

Nilipotoka niliinua boneti. Pembe moja ya nepi ilikuwa imeingia kwenye kigurudumu kidogo kinachovutwa na waya wa pedali ya mafuta, imejiviringisha humo, imekaza. Nilipokanyaga mpaka chini kigurudumu kiliimeza, kikashindwa kurudi. Nilianza kuinyofoa kwa meno ya ufunguo. Mama mkwe alikuja akainama kutazama.

"Hiyo si nepi ya mjukuu wangu?"

"Ndiyo, mama. Niliogopa vumbi."

Hakucheka, wala hakunigombeza. Alikaa juu ya jiwe akaanza kujipangusa mikono kwa kitenge, mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote. Nilichuchumaa mbali kidogo, macho chini, maana sasa mila ilikuwa imerudi na sikujua niiweke wapi.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Nilijua nimekuua. Nilikuwa nawaza nitaingiaje kwa mwanao."

"Mimi sikuogopa kufa, baba," akasema. "Nimezeeka, na kufa ni kwetu. Niliogopa ufe wewe, nibaki mimi. Mwanangu ana kidonda tumboni, mtoto bado mchanga, halafu niingie mlango ule peke yangu. Ningemwambia nini?"

Nepi ilitoka vipande viwili. Niliikanyagakanyaga pedali nikiwa nimezima, nikaona inarudi, nikawasha, nikasikiliza. Nilimwambia nitatafuta gari lingine la kumpeleka. Akasema mzazi hasubirishwi, akaingia mbele na kujifunga mkanda mwenyewe. Tulikwenda mwendo wa baiskeli hadi Nzuguni, mkono wake ukiwa juu ya handibreki njia nzima, na safari hii hakulitazama dirisha, alitazama barabara. Mwili wake haukutetemeka hata kidogo. Mimi nilitetemeka kwa niaba ya wote wawili.

Nilisimamisha gari nje ya geti. Yeye alitangulia ndani, maana ndiye aliyekuwa anangojwa, na mimi nikabaki kushusha mizigo. Nilikuwa nimeshamshika jogoo miguu nilipokisikia kilio.

Kilikuwa kilio cha mtu mzima, cha msibani, kinatoka sebuleni kwangu. Nilijua. Mtoto. Tulipokuwa tunahangaika na nepi na vyuma huko barabarani, mtoto ameondoka. Unga ulinidondoka, nikakimbia na jogoo mkononi, kiatu kimoja kikabaki getini, na katika ua ule mdogo nilikwisha kumzika mwanangu kabla sijaufikia mlango.

Mtoto alikuwa kwenye bega la mke wangu, mzima, anapiga miayo. Anayelia alikuwa mama mkwe. Alikuwa amekaa sakafuni, kitenge kimemtoka kichwani, analia na kushindwa kupumua, na mke wangu amesimama juu yake akiwa na macho makubwa.

"Sijui amepatwa na nini," akaniambia. "Nimefurahi kumwona, nikamuuliza tu, mume wangu yuko wapi?"

"Niko hapa," nikasema.

Mama mkwe alinitazama usoni, akanitazama sana, na bado hakuweza kunyamaza.