Mwaka Nilipochagua HD DVD

Sauti ya mke wangu imenitoka. Mwendo wake ninao, namwona anavyomenya matoke bila kuangalia kisu, na nikitaka kumwona amenuna ni kufumba macho tu. Sauti ndiyo imekwenda. Binti yetu hakuwahi hata kuwa nayo. Mama yake alifariki yeye akiwa na mwaka mmoja na miezi minne, na tangu alipojua kuuliza amekuwa akiniuliza jambo moja: mama alikuwa anaongeaje? Mimi, mtu ninayelipwa kurekodi sherehe za watu, nilikuwa na jibu moja. Nilimwambia iko diski, mama yako anaongea ndani yake dakika sita nzima, na mashine ya kuichezesha ikipatikana utamsikia. Ahadi hiyo niliirudia miaka mingi.

Sina wa kumsingizia katika habari hii. Imetoka kichwani mwangu, na kichwa changu ni kigumu.

Nilitoka Nakuru nikaja Kampala kufanya kazi ya video. Nilipata chumba ghorofani, kwenye jengo la maduka karibu na Nakivubo, nikaweka meza, kompyuta na kamera, nikaanza kurekodi harusi, mahafali na zile sherehe za Waganda za kumtambulisha mchumba, ambazo huanza asubuhi na kumalizika watu wakiwa wamesahau kilichowaleta. Mke wangu nilimpata Bukoto. Alikuwa Mganda, mwalimu wa chekechea, na Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya askari na vizuizi vya barabarani. "Wewe ukisema habari ya asubuhi," aliniambia siku za mwanzo, "mimi natafuta kitambulisho yangu." Alijifunza hivyohivyo, kwa kunicheka. Mimi Luganda sikujifunza. Nilijiona nina mambo makubwa zaidi ya kujifunza.

Jambo kubwa lenyewe lilikuwa picha kali. Wakati huo televisheni bapa zilikuwa zimeanza kuonekana kwenye sebule za wenye uwezo, na pamoja nazo ikaja vita ya diski. DVD tuliyoizoea haikutosha kubeba picha ya HD, kwa hiyo makampuni makubwa ya ng'ambo yakagawanyika kambi mbili. Hawa wakaleta diski inayoitwa Blu-ray, wale wakaleta HD DVD. Ukizishika mkononi huzitofautishi, ila mashine ya hii haisomi ile. Dunia ikawa inangoja kuona nani atazimia kwanza. Kampala nadhani tuliokuwa tunaumwa kichwa kwa ajili hiyo hatukujaza benchi moja.

Mimi niliumwa kweli. Nilitaka kuwa mpiga video wa kwanza mjini kumkabidhi bibi harusi diski ya HD, nisilinganishwe tena na wapiga video wa ghorofa ya chini waliorekodi kama wanaotazama kwenye moshi. Nilichora mpaka jedwali nyuma ya kalenda, Blu-ray upande huu, HD DVD upande ule, na kila jioni nikamsomea mke wangu hoja mpya huku yeye akimnyonyesha mtoto.

"Taata," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu tupate mtoto, "ngoja kwanza. Hawa watu bado napigana. Wewe iko na haraka ya wapi?"

"Anayengoja hula makombo," nikamjibu.

"Kale. Basi nunua kanda. Kila wiki wewe unafuta watu."

Alisema kweli, na ndiyo maana nilikasirika. Kanda za kamera zilikuwa ghali, na sisi wapiga video tulikuwa na desturi moja: ukishahariri harusi na kumkabidhi mteja diski yake, kanda unairudisha mwanzo na kurekodi harusi nyingine juu yake. Kanda moja ilipitiwa na mabibi harusi saba, wanane, kila mmoja akimfuta mwenzake. Hatukuona ubaya. Mteja ana diski, kanda ya nini?

Sababu zangu za kuchagua HD DVD zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa na akili ndani yake. Blu-ray ilitaka diski zake maalumu na mashine yake ya kuchomea, lakini filamu fupi ya HD DVD niliweza kuichoma kwa kompyuta yangu kwenye diski tupu za kawaida, zile zilizouzwa chini ya ngazi zangu. Ya pili ndiyo niliyojipigia kifua. Watu wanaijua DVD, nilisema. Ukiongeza HD mbele umemaliza maelezo. Hiyo Blu-ray utaanza kuieleza saa ngapi?

Muuzaji mmoja wa vifaa hapo Nakivubo alikuwa ameleta mashine mbili kutoka Dubai, moja ya kila kambi. Mke wangu alinisindikiza, mtoto mgongoni. Akaishika ile ya Blu-ray, akaigeuza juu chini, akairudisha mezani.

"Mimi naona twende nyumbani," alisema.

Nikanunua HD DVD. Nililibeba lile boksi kifuani kwa uangalifu ambao sikuwahi kumbebea mtoto, na yeye akaliona hilo, akaniambia.

Kuwashawishi wateja kulihitaji sampuli. Mwezi uleule mtoto alikuwa anabatizwa, nikaona Mungu mwenyewe amenipangia ratiba. Baada ya kanisa wageni walikaa uani nyuma ya nyumba yetu Bukoto, na mke wangu, ndani ya gomesi ya kijani yenye mshipi unaometameta, akasimama na mtoto mikononi kutoa shukrani. Lakini hakuzungumza na wageni. Alizungumza na mtoto, kwa Luganda, dakika sita. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kisha nikaona shangazi wa mtoto akijifuta macho. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera nikigombana na jua, ambalo lilikuwa likiingia mawinguni na kutoka, na ule mshipi ulikuwa unaniharibia mwanga. Nilishika neno hapa, neno pale. Nikajiambia nitamwuliza baadaye.

Sikumwuliza. Nilihariri kwa siku tatu, nikachoma diski, nikaichezesha ofisini, na kusema haki ilikuwa nzuri mno. Ungeweza kuhesabu kope za mtoto. Mke wangu alikuja kuangalia, akasimama mlangoni, akashika shavu. "Banange! Ngozi yangu iko mbaya hivi?" Tukacheka. Jumamosi yake nilikuwa na harusi na kanda zilikuwa zimekwisha, nikachukua ile ya ubatizo.

HD DVD ilikufa miezi michache baadaye. Makampuni ya filamu yalihamia upande wa pili moja baada ya lingine, mpaka waliokuwa wanaitengeneza wakatangaza kwamba wameacha. Hata mteja mmoja sikuwa nimempata. Nilingoja mke wangu aniambie si nilikwambia, nikawa nimeshaandaa majibu makali, lakini alichofanya ni kuipeleka mashine nyumbani, akaitandikia kitambaa cha kufuma na kuweka juu yake chupa ya maua. "Sasa iko na kazi," alisema.

Mwaka huohuo akashika mimba ya pili, na mimba ikampandisha shinikizo la damu. Ijumaa alilalamika kichwa. Jumapili nilikuwa mgane. Nimejaribu mara nyingi kuandika zaidi ya hapo, na siwezi.

Ilinichukua miaka mitatu kupata moyo wa kuitazama ile diski. Siku niliyoupata, mashine haikuwaka. Ndipo nilipoanza kuelewa nilichofanya. Simu zetu za wakati ule zilikuwa za tochi, hakuna aliyemrekodi. Mafaili yaliyokuwa kwenye kompyuta nilikuwa nimeyafuta ili harusi za watu zipate nafasi. Kanda ilikuwa imeshapitiwa na mabibi harusi sijui wangapi. Imebaki diski moja, nayo DVD za kawaida zikaitema, na Blu-ray ya mteja wangu, iliyoshinda vita, ikaizungusha kidogo na kuandika kwenye skrini kwamba haiitambui. Kompyuta zilionyesha kwamba kuna kitu ndani, zikashindwa kukifungua. Mafundi watatu wa mjini waliifunua mashine na kunishauri niitupe.

Niliona aibu, nikaona hasira, na zaidi ya yote nilimwonea huruma mtoto aliyekuwa anakua akingoja. Alianza shule. Aliota meno ya ukubwani. Shangazi yake alijaribu kumwigizia namna mama alivyokuwa akiongea, mtoto akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana, hiyo ni sauti yako wewe. Mwaka mmoja aliacha kuniuliza kabisa, na mwaka huo ndio ulionikata maini kuliko yote. Kisha mwaka huu, akiwa msichana wa sekondari aliyenizidi urefu, alikuta ile mashine chini ya kitanda akaniuliza kwa nini hatujawahi kuipeleka kwa mafundi wa Katwe.  Nadhani nilikuwa naogopa kwamba itapona, na nitalazimika kumwona.

Katwe tulimpata fundi Mkongo, mtu mzima aliyekuja kukimbia vita huko mashariki, amejibana kati ya wachomeleaji na watengeneza masufuria. Aliifungua mashine kimyakimya, akanusa ndani.

"Papa, iyi mashini haiyakufa bado," alisema. "Ni umeme yake tu njo ilichoka. Iko na nini ndani? Filme?"

"Mke wangu," nikasema.

Alimtazama binti, akanitazama mimi. "Pole sana, Papa. Basi nitaitengeneza mbele ya zingine zote."

Jumapili iliyofuata, tuliporudi kanisani, tuliiunganisha na televisheni. Binti hakuvua hata viatu. Mashine ilichukua muda wake kuamka, ikasaga, ikanyamaza, na mimi nikaomba kwa sauti bila kujua kwamba naomba. Kisha ua wetu wa Bukoto ukajaa skrini nzima. Picha ilikuwa kali, hapo sikukosea. Nyuzi za gomesi zilionekana, na vumbi kwenye viatu vya wageni, na kovu dogo kidevuni mwake ambalo nilikuwa nimelisahau. Binti alitoa mlio mdogo. Mke wangu akasimama, akamweka mtoto vizuri mikononi, akafumbua kinywa, na wimbo ukaingia.

Ulikuwa wimbo wa kumsifu Mungu, wenye kinanda na ngoma, uliovuma sana mwaka ule. Nikajua palepale, kama mtu anayekumbuka alikoacha moto unawaka. Sampuli ilikuwa ya kuwavuta wapita njia. Kwenye sampuli zetu sote tulifanya hivyo: kelele za vyombo, upepo kwenye maikrofoni, watoto wanaolia, vyote unavitoa na kutandika wimbo juu yake. Nilikuwa nimeitoa sauti yote ya ile siku, ya kwake pamoja na ya vijiko. Nilibishana wiki kadhaa juu ya diski ipi inabeba picha nzuri zaidi, nikachora jedwali, nikampuuza mtu aliyeniambia ningoje, na juu ya sauti sikuwaza hata dakika moja. Kisha nikasahau, na katika kusahau nikamwahidi mtoto kitu nilichokwisha kukiua kwa mikono yangu.

"Dadi," binti alisema bila kugeuka, "punguza wimbo, tusikie yeye."

Nikachukua rimoti nikapunguza. Niliendelea kupunguza mpaka mstari wa sauti ukafika sifuri. Mama yake akaendelea kuongea kwenye chumba kimya.

"Iko wapi?"

"Hakuna," nikamwambia. "Chini ya wimbo hakuna kitu. Nilikitoa mimi."

Sasa aligeuka. Ningependa kuandika kwamba alipiga kelele, ningestahili, lakini aliteremka kwenye kochi, akakaa sakafuni karibu kabisa na kioo, akaanza kusoma midomo. Luganda ni lugha yake. Alikuwa anatikisa midomo yake pamoja na ya mama yake, polepole. "Rudisha," alisema. Nikarudisha. "Rudisha tena." Baada ya muda akasema, "Mwana wange. Hapa anasema mwana wange," na akalishika goti langu kwa nguvu. Alilipata neno hilo mahali pawili. Mengine yalimshinda, kwa sababu mama yake alikuwa amemwinamia mtoto.

Karibu na mwisho mke wangu aliinua uso, akaitazama kamera moja kwa moja na kusema kitu. Si kirefu, sentensi moja, na lile tabasamu lake la kunichokoza. Nyuma yake wageni wote waliangua kicheko na kugeuka kuniangalia mimi.

"Hii si Luganda," binti alisema. "Ni Swahili yenu. Anaongea na wewe. Amesema kitu gani?"

Nilirudisha mara nne. Midomo ilikuwa wazi, meno yalikuwa wazi, hata jasho juu ya mdomo wake lilikuwa wazi. Nilikuwa mita mbili kutoka kwake siku hiyo, nimevaa hedifoni za kamera, na maneno yale yaliingia masikioni mwangu kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote. Nilikuwa naangalia mwanga.

"Sijui," nikamwambia.

Akaichukua rimoti mkononi mwangu, akarudisha mwenyewe.