Bustani ya Uma

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba kibao kile kilikosewa na mchoraji. Mchoraji huyo nilimpa hata tabia: mlevi kidogo, mtu wa haraka, mpita njia kutoka Kibaha. Hakuwapo. Kibao nilikiandika mimi, nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi likizo kijijini kwetu Kisarawe, upande wa Marui. Na somo nililokuwa nikisomea, nisaidieni kucheka, ni Kiswahili.

Kijiji kilikuwa kimerithi jumba. Mwenyewe, Mgiriki wa mkonge, aliondoka mashamba makubwa yalipotaifishwa. Aliacha nguzo nyeupe, simu ya kuzungusha mkono, na bustani yenye miti iliyoletwa kwa meli kutoka nchi ambazo atlasi ya shule iliziandika kwa herufi ndogo. Jumba likawa ofisi ya kijiji. Bustani ikabaki ikisubiri hukumu.

Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, alitaka ifyekwe ipandwe mihogo ya shamba la ushirika. Mama, dada yake, alitaka ibaki. Alikuwa ameimwagilia maji tangu usichana wake, na enzi za Mgiriki mfanyakazi hakuruhusiwa hata kuegemea shina.

"Mimi nataka kukaa," alimwambia kaka yake. "Hiyo mihogo yako nitailia wapi? Juani?"

Suala likapelekwa wilayani. Ofisa akasema atakuja aone mwenyewe kama pale pana bustani ya watu au pori aliloacha mkoloni. Hapo nikaona elimu yangu imepata kazi. Nilitafuta ubao wa sanduku na rangi iliyobaki baada ya kupaka madirisha ya ofisi, nikaanza kwa herufi kubwa, za madaha: BUSTANI YA UMMA. Herufi M ni pana kuliko mtu anavyodhani. Ubao uliisha kabla ya neno. Nikatia M moja, nikajiambia, nani atajua? Kijiji chenyewe ndiyo kwanza kiko kwenye kisomo cha watu wazima.

Basi hao wa kisomo ndio waliojua. Darasa la mama lilikuwa limeshamaliza silabi na kuchoka na kitabu cha pamba na mbolea. Jioni ile wanawake walijipanga mbele ya kibao, vidole hewani, wakasoma kwa pamoja: "Bu-sta-ni ya u-ma."

Wakatazamana. Kisha mtani wetu, Mnyamwezi aliyekuja zamani na mumewe kukata mkonge akabaki kutuchokoza, akauliza, "Bustani ya uma? Na sahani iko wapi, enyi Wazaramo?"

"Si uma wa kulia," mama akamjibu. "Ni uma ya kuuma. Ukigusa mti unang'atwa, Mnyamwezi wewe."

"Basi ianze na kaka yako. Ndiye mwenye panga."

Nikawaeleza kwamba mchoraji kakosea.

"Mchoraji gani?" mama akauliza, akiangalia rangi kwenye kucha zangu.

"Wa Kibaha. Alipita asubuhi."

Hawakunisikiliza. Walikuwa wamesoma kitu bila mwalimu, wakataka kingine. Kesho yake walikuja na vipande vya bati, wakachukua rangi yangu, wakaanza kuiandikia miti majina ili wapate cha kusoma. Mdalasini na mkarafuu ilikuwa kazi rahisi. Mnazi wa mapambo uliovimba katikati ya shina uliitwa MNAZI MJAMZITO. Kulikuwa na mti mmoja mkubwa uliowashinda wote. Huo waliutundikia bati lililosema HATUUJUI, na mtani akaongeza chini yake, kwa mwandiko wa kupanda mlima, LAKINI UNA KIVULI. Mimi nilinyimwa brashi.

"Wewe mwite mchoraji wako," mama alisema.

Ofisa alifika kwa Landrova. Mjomba alimtangulia akimwonyesha kwa mkono mihogo itakapoanzia na itakapoishia, lakini mgeni alikuwa nyuma, anasoma mabati. Kila mti ulikuwa na mwanamke aliyeusoma kwa sauti kabla yake. Kwenye mjamzito alicheka hadi akashika kiuno. Kwenye HATUUJUI alivaa miwani, akazunguka shina, akasema hata yeye haujui.

"Shikamoo, mama," akamwamkia mama. "Mnasomea hapa kila siku?"

"Marahaba, baba. Tunasomea hapa. Mihogo haina maneno. Ukishasoma 'muhogo' umemaliza shamba zima."

Mjomba alitazama pembeni, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Ofisa akaahidi kupiga simu.

Siku simu ilipolia tulikuwa tumejaa ofisini, darasa zima la kisomo na mimi. Mjomba alipokea kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Naam, mzee. Ibaki? Ya watu wote. Naam. Mihogo tupeleke bondeni. Nimekusikia." Kisha akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia. "Anataka kuliandika jina. Anauliza, uma ni M moja au mbili? Haya, msomi."

Wote wakanitazama. Nikafungua kinywa kumtaja mchoraji wa Kibaha. Mama akamnyang'anya kaka yake simu.

"Moja, baba," akasema. "Iandike hivyo hivyo, tumeshaisoma. Sasa naomba nikate, nakwenda kukaa."