Kijiji cha Inkonu

“Mh.”

Katika sauti zote za utoto wake, hiyo ndiyo Generose anayoikumbuka zaidi. Ilitoka puani mwa koko yake, bibi mzaa baba, fupi, kama kifuniko kinachorudishwa juu ya chungu. Watu walimuuliza yule bibi kizee, “Mama Faida, kwenu hasa ni wapi?” Naye aliendelea kuchambua maharage yake bila kuinua uso. “Mh.” Aliyetaka zaidi angekaa mpaka maharage yaive, na bado asingepata kitu.

Sasa Generose ana miaka sitini na tisa, na sauti ile imemharibia wiki tatu nzima.

Alikuwa mkunga. Kwa miaka thelathini na minne alipokea watoto wa Uvira katika chumba chenye vitanda vinne na dirisha lisilofungika. Anajua nani alitanguliza miguu, nani alikuja na kitovu shingoni, nani alikaa kimya mpaka akapigwa matako. Kila mtoto alimwandikia kikaratasi: jina la mama, saa, uzito, mahali. Hajaona hata mmoja aliyetoka na kijiji chake mkononi.

Lakini serikali inataka kijiji. Mjukuu wake Arakaza amefaulu mtihani wa kumaliza sekondari na anataka kusomea uuguzi. Chuo kinataka cheti cha kuzaliwa, na cheti kina mstari wa kijiji cha asili. Orodha ya chuo inafungwa Ijumaa. Jumatano asubuhi, bibi na mjukuu walikuwa wamesimama tena mbele ya meza ya Ciza, karani wa biro, yaani ofisi ya serikali, kwa mara ya tano.

“Mama, minye sina neno na weye,” Ciza alisema. “Lakini Inkonu haiko Congo. Nimetafuta kwa liste ya vijiji vyote. Mujaribu Burundi.”

“Uliiona huko Burundi?”

“Sijaiona. Lakini sikia tu jina yenyewe. In-ko-nu. Ile ni Kirundi mutupu!”

Generose alifumba macho, akahesabu pumzi tatu, kama alivyokuwa akiwafundisha wanawake wenye uchungu. Haikusaidia.

“Ciza, nisikilize kwa mara ya mwisho. Inkonu si kijiji. Karani wa Wabelgiji alimuuliza baba yangu Jean-Berchmans: kijiji cha asili? Baba akasema hajui. Yule akaandika Kifaransa chake, inconnu, yaani haijulikani. Basi! Karani wa pili akaja na masikio yake na mwandiko wake, akaandika Inkonu. Wa tatu akanakili kwenye karatasi yangu, wa nne kwenye ya binti yangu Noella. Weye ni wa tano, na sasa Inkonu iko na mulima, iko na mito, kesho utaniambia iko na chefu!”

Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi walicheka. Ciza hakucheka. “Mama, minye naandika kile niko naona.”

“Ulitoka tumboni miguu mbele, na mpaka leo unaingia kwa mambo miguu mbele.”

Hapo hata Ciza alitabasamu, kwa maana ilikuwa kweli na mama yake alimsimulia. Lakini kashe, ule muhuri wa biro, aliuacha ndani ya saraka.

Walitoka nje. Pudentienne, jirani yao wa mtaa wa Songo anayeuza maandazi mlangoni pa biro, aliwapa mawili bila kuuliza kitu. Arakaza alikula lake kwa hasira.

“Koko, Mzee Libérat alishasema atatusaidia. Ciza aandike Katogota, kijiji cha asili cha Mzee. Iko karatasi tu!”

“Si karatasi tu.”

“Basi ni nini? Kila siku unasema si karatasi tu, halafu unanyamaza. Ijumaa iko kesho kutwa!”

Generose alilitazama andazi lake. Angeanzia wapi? Hadithi waliyokuwa nayo ilikuwa fupi. Koko yake mwenyewe, Mama Faida, alikamatwa meno yake ya utoto yakiwa yanang'oka. Alitembea na msafara siku ambazo mtoto hawezi kuzihesabu, akiwa amebeba sufuria ya watu wengine kichwani. Jina la Faida alipewa njiani na wale waliomfanya bidhaa. Chini ya mlima wa Songo homa ilimwangusha, wakamwacha, na ukoo wa akina Libérat ukamwokota na kumpa uji. Baada ya uji wakampa jembe. Uji ulikuwa wa wiki moja, jembe lilikuwa la maisha. Wazungu walipotangaza kwamba utumwa umekwisha, jembe lilikuwa lilelile na shamba lilikuwa lilelile. Akaolewa na mwanaume aliyeletwa kwa njia hiyohiyo, na watoto wao wakaitwa wana wa muja, wana wa mtumwa wa nyumbani.

Neno hilo lilimfikia Generose pia. Kijana mmoja mwenye heshima alipofika mlangoni kwao na nia njema, baba wa kijana alimtuma mtu kumwita arudi. Kijana alirudi kwao. Noella alizaliwa bila jina la baba, naye Noella, ambaye sasa anauza vitenge Kalemie, alimzaa Arakaza vilevile. Ndiyo maana Inkonu ilishuka kwa wanawake kama pete ya ukoo.

Lakini Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Generose alifuta mafuta ya andazi mikononi. “Haya. Mpigie simu mzee wako.”

Libérat alifika kabla ya saa sita, na kofia yake na fimbo yake, akifurahi kuhitajiwa. Hakuwa mtu mbaya. Msiba ukitokea Songo ndiye wa kwanza kuleta viti.

“Mama Noella! Tangu lini naimba wimbo huu? Twende, twende.”

Mbele ya meza akaweka mkono begani mwa Arakaza. “Ciza, andika. Katogota. Hawa ni watu wetu.”

“Watu wenu kwa baba ao kwa mama?” Ciza aliuliza, kalamu ikiwa tayari. “Niandike uhusiano.”

“Aa, uhusiano!” Libérat alicheka, akageuka benchi lote lisikie. “Uhusiano ni kapo moja ya chumvi! Wale wa msafara walitaka kapo mbili, babu akasema huyu mutoto anatetemeka, atakufa kesho, nawapa moja. Na muone vile alizaa! Babu alijua kununua.”

Watu wawili watatu wa benchini walicheka kwa mazoea, kisha wakaacha. Miaka sitini na tisa Generose ameambiwa *kuokotwa*. Kila Krismasi walipeleka kuku kwa akina Libérat, shukrani ya uji.

Arakaza alikuwa ameutazama mkono ule begani mwake. Akaushika kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mdudu kwenye nguo, akauondoa.

“Usiandike,” alimwambia Ciza.

“Mutoto, ilikuwa muchezo!” Libérat alisema. “Na Ijumaa je?”

“Ijumaa ipite.” Karatasi alikuwa amekwisha kuzivuta kifuani. “Baba Ciza, hakuna njia ingine? Hata moja?”

Ciza alijikuna shingo. “Njia… iko tamko. Mutu anatamka mwenyewe mahali ukoo wake unaanzia, mashahidi wawili wanatia kidole, napiga kashe. Leo hii inaisha.”

Biro nzima ilimtazama.

“Ciza,” Generose alisema taratibu. “Wiki tatu.”

“Hamukuuliza, mama.”

Kile Generose alichomwambia Ciza hapo hakifai kuandikwa, na kilichukua muda. Benchi lilikisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Libérat aliinua kofia, akasema ataonana nao watu wakiwa wametulia, akaondoka. Pudentienne aliitwa kutoka kwenye maandazi yake akatia kidole chenye mafuta. Basile, mkulima wa mpunga aliyekuwa akingoja karatasi ya shamba, akatia cha pili. “Mama huyu alinizalishia watoto sita,” alisema, “hakuna hata mumoja aliulizwa kijiji.”

“Mahali?” Ciza aliuliza, sasa kwa adabu kubwa.

“Songo. Chini ya mlima. Pale pale koko yangu alipoanguka,” Generose alisema.

Ciza aliandika. “Na mutu wa kwanza wa ukoo kufika? Jina yake. Niandike Faida?”

“Hapana!”

Wote walishtuka. Arakaza alimgeukia bibi yake; hakuwahi kusikia jina lingine, wala mama yake hakuwahi kulisikia. Generose alikuwa na miaka kumi alipoambiwa lile la kweli, mdomo wa koko ukiwa umegusa sikio lake, kwenye mkeka ambako koko mgonjwa hakuinuka tena. Usilitaje kwa watu, koko alimwambia. Wakilijua, wanaweza kuniita nirudi njiani.

Ciza alingoja. Kalamu yake ilikuwa juu ya mstari. Generose aliyekuwa amepayuka asubuhi nzima aliinama juu ya meza, akashika ukingo wake kwa mikono miwili.

“Kabula,” alisema, kwa sauti ambayo Ciza alilazimika kuiinamia. “Uandike vizuri, mwanangu. Anaitwa Kabula.”